Jinsi ya kulinganisha manga na muvi yake bila kuishia kuorodhesha vilivyokatwa

Mara ya kwanza nilipojaribu kulinganisha manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, na muvi yake nilijaza kurasa nne za daftari na zote zilikuwa za aina moja, hiki hakipo, huyu hayupo, hapa wameruka, hapa wamechakachua. Kesho yake nikazisoma nikaona nimeandika orodha ya marehemu, hamna hata sentensi moja inayosema hiyo muvi yenyewe ni kitu gani. Siku hizi nafanya tofauti, na kilichobadilika hasa ni swali. Siulizi tena wamekata nini, nauliza hapa saa kaishika nani. Manake kwenye manga saa unayo wewe msomaji, unaweza kulitolea macho boksi moja la mchoro dakika tano, unaweza kufunua kurasa kumi kwa pupa ujue jamaa kapona ama vipi, unaweza kurudi nyuma ukacheka tena. Kwenye muvi saa kaishika dairekta, we umekaa tu unaburuzwa. Tofauti nyingi utakazoziona ukizifuatilia utakuta zinaanzia hapo, hata zile zinazoonekana ni uvivu wa watengenezaji.

Nitataja manga na muvi kadhaa kama mifano na kuna sehemu nitamwaga stori, kwa hiyo kama kuna moja hujaiona na hutaki kuharibiwa, ukiona jina lake ruka aya.

Usianze na jitu kubwa. Najua unataka Akira, kila mtu anataka Akira, lakini ile ni juzuu 6 nene na utachoka kabla hujafika popote. Anza na kitu kifupi ambacho unaweza kusoma na kutazama siku hiyo hiyo. Mi huwa nawaambia watu waanze na Look Back ya Tatsuki Fujimoto, ilitoka Julai 2021 ikiwa hadithi moja nzima ya kurasa 140 na ushee, na muvi yake ya 2024 aliyoiongoza Kiyotaka Oshiyama ina dakika 58 tu. Ni wasichana wawili wanaochora manga, Fujino na Kyomoto, basi. Hamna majina hamsini ya kukariri, hamna vita vya falme, na muvi haikulazimika kutupa vitu vingi kwa hiyo akili yako inabaki na nafasi ya kuangalia mambo mengine.

Sasa kabla hujaandika lolote piga hesabu moja ya kitoto kabisa ambayo sijui kwa nini watu wengi hawaipigi. Chukua idadi ya kurasa za manga gawanya kwa dakika za muvi. Look Back inakupa kama kurasa mbili na nusu kwa dakika. Akira ina zaidi ya kurasa 2,000 na muvi ni dakika 124, hapo ni kurasa 16 kila dakika, yaani hata ukisoma kwa kasi gani huwezi kufika huko. A Silent Voice ya Yoshitoki Oima ni juzuu 7, ukikadiria kurasa 180 hivi kila juzuu na muvi ya saa mbili na dakika kumi unapata kama 10. Kipimo changu mwenyewe, si sheria ya popote: ikiwa chini ya 3 ujue wanaweza kwenda boksi kwa boksi na kazi yako ni kuangalia wameongeza nini, ikifika 10 kwenda juu usitegemee kukuta hadithi ile ile, tegemea hadithi nyingine yenye sura za watu wale wale, na ukianza kulia kwamba fulani hayupo unajipotezea muda manake hesabu ilishakwambia hawezi kuwepo.

Ila angalia, ugawanye kurasa ambazo muvi imezitumia kweli, si manga nzima. Demon Slayer ina juzuu 23 lakini ile muvi yake ya treni ya 2020, Mugen Train, imechukua kipande tu cha juzuu ya 7 na ya 8 na imekaa nacho karibu saa mbili. Ukigawanya 23 zote utapata jibu la ajabu. Muvi ile ni kati ya zile zinazofuata manga kama kivuli, na wala si kwamba waliotengeneza wana heshima kuliko wengine, ni kwamba walikuwa na nafasi.

Alafu miaka. Hapa ndo watu wanaaibika. Utasikia mtu anasema muvi ya Akira imeharibu mwisho wa manga, wakati muvi ilitoka Julai 1988 na manga iliisha 1990. Huo mwisho ulikuwa bado! Na aliyeongoza muvi ni Katsuhiro Otomo mwenyewe, mwenye manga. Kwa hiyo hapo huna original na kopi, una mtu mmoja aliyeisimulia habari ile ile mara mbili na mara ya kwanza kuimaliza alimalizia kwenye muvi. Nausicaä hivyo hivyo, Hayao Miyazaki alianza manga 1982, muvi ikatoka Machi 1984 ikiwa imebeba takriban juzuu mbili za mwanzo, alafu manga ikaendelea kwa kusimama na kuanza tena mpaka 1994, juzuu 7. Miaka kumi baada ya muvi! Mtu wa 1994 si yule wa 1984 na ukiisoma unaona kabisa. Kushana kwenye muvi ni mvamizi, anaingia na jeshi lake Bondeni, kwao Nausicaä ambaye ndo mhusika mkuu, na baba yake Nausicaä anauawa na askari wale. Kwenye manga Bonde halivamiwi namna hiyo, baba anaumwa na ni ugonjwa unaomuua, na Kushana ni kamanda anayependwa na askari wake huku anayemtafuta kumuua ni baba yake mwenyewe na kaka zake. Lile jitu la vita linaloyeyuka dakika chache tu baada ya kuamshwa kwenye muvi, kwenye manga linaongea, lina jina, linamuita Nausicaä mama. Sasa ukisema muvi imerahisisha unakuwa umesema nusu tu. Sema pia kwamba wakati muvi inatengenezwa sehemu kubwa ya hayo ilikuwa bado haijachorwa.

Kwa hiyo juu ya ukurasa wa daftari lako andika mistari minne: manga ilianza lini na iliisha lini, muvi ilitoka lini, nani kaongoza, na mwenye manga alishika nini kwenye muvi. Dakika mbili tu hiyo kazi.

Matoleo nalo ni la kuchunguza, ila sitakaa sana hapa. Akira ya kwanza ya Kiingereza ilipakwa rangi na kurasa zikageuzwa zisomeke kutoka kushoto, kwa hiyo ukianza kuandika kuhusu rangi za manga hakikisha si hiyo uliyoshika. Nausicaä ilipopelekwa Marekani miaka ya 80 ilikatwa zaidi ya dakika 20 ikapewa jina lingine kabisa, iliyo kamili ina dakika 117, angalia urefu kabla ya kulaumu mtu. Na Look Back yenyewe, kuna mshambuliaji ndani ya stori ambaye maneno yake yalibadilishwa wiki chache baada ya kutoka mtandaoni, yakabadilishwa tena kwenye kitabu. Kama mwenzako amesoma lile la kwanza na wewe umesoma kitabu mtabishana usiku kucha juu ya vitu viwili tofauti.

Kipi kwanza, kusoma au kutazama? Mi nasema soma kwanza, kaa siku mbili tatu, alafu tazama muvi mpaka mwisho bila daftari, bila kusimamisha, bila kushika simu. Hii ya bila daftari naisisitiza. Ukitazama mara ya kwanza huku unaandika unakuwa askari wa doria, unasubiri makosa, na muvi haipati hata nafasi ya kukuburuza, wakati kuburuzwa ndo kitu chenyewe unachotakiwa kukiandikia. Mara ya pili ndo unakuja na kalamu. Kama ulishatazama muvi kwanza si kesi, ila jua kwamba utakaposoma sauti za wale waigizaji zitakuwa zinaongea kichwani mwako na mwendo wa kusoma utakuwa wa muvi, iandike hiyo, nayo ni habari.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua kipande kimoja. Kimoja tu. Usilinganishe manga yote na muvi yote, utaogelea. Chagua sehemu ambayo ilikugusa au ilikukera na uwe na uhakika inaanzia wapi na kuishia wapi. Nitafanya na Look Back ili uone, ile sehemu ya mvua. Fujino alikuwa ameshaacha kuchora, anapeleka cheti cha shule nyumbani kwa Kyomoto ambaye hajawahi kumuona, na Kyomoto anatoka mbio kumwambia yeye ni shabiki wake, anamuita mwalimu kabisa. Fujino anajifanya wala si kitu. Anaondoka, mvua inanyesha, na njiani mwili unaanza kumsaliti, hatua zinakuwa kubwa, anaruka, anacheza peke yake barabarani mpaka nyumbani, anakaa mezani kuchora akiwa bado ameloa.

Upande wa manga hesabu maboksi ya kipande hicho, weka alama kwenye yasiyo na neno hata moja, na angalia unafunua ukurasa wapi. Kufunua ukurasa ni silaha ya mchoraji, kitu anachotaka kikushtue anakiweka upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo ukisoma kwenye simu kwa kuteremsha chini silaha hiyo imepotea, tafuta mpangilio wa kurasa mbili mbili kama unaweza. Alafu chukua saa ujipime unatumia sekunde ngapi kukisoma kwa mwendo wako wa kawaida. Usijilazimishe kwenda taratibu kwa sababu unapimwa.

Upande wa muvi pima urefu wa kipande hicho hicho, alafu kitazame tena ukichora kijistari kila picha inapokatwa kwenda nyingine. Baada ya hapo kitazame mara moja ukiwa umezima sauti, na mara moja ukiwa umefumba macho unasikiliza tu. Najua inasikika kama uchizi, fanya.

Mi nilipofanya niliona vitu viwili. Cha kwanza, kwenye manga Fujino haruki. Anaonyeshwa yuko hewani, mguu umenyooka, mkono kule, na anayemrusha ni mimi, ubongo wangu ndo unajaza kati ya boksi na boksi. Kwenye muvi Oshiyama alilazimika kuamua kila kitu, mguu unatua vipi, maji yanaruka wapi, nguo imelowa kiasi gani, na mistari ya penseli kaiacha ionekane imekwaruza kwaruza, hakuisafisha, kwa hiyo bado unakumbuka huyu ni mtu aliyechorwa na mkono. Cha pili ni muziki. Nilipokuwa nasoma nilisikia mvua tu na nilichelewa kujua kama ana furaha au kachanganyikiwa. Kwenye muvi muziki wa mtunzi anayeitwa haruka nakamura unakuja kuniambia, na ukizima sauti ile furaha inarudi kuwa na utata kama ya kwenye manga. Hiyo ndo sentensi unayoitafuta, si “muvi imeongeza muziki”, bali muziki umefunga mlango ambao manga iliuacha wazi. Na hapa nakiri, kwa kipande hiki mi niko upande wa muvi.

Ila kuna zile kurasa za mgongo. Fujino amekaa mezani, tunamuona kwa nyuma, picha ile ile pembe ile ile inarudiwa na kinachobadilika ni dirisha na majira. Kwenye ukurasa migongo hiyo yote unaiona kwa pamoja, jicho moja linabeba mwaka mzima. Kwenye muvi inakuja mmoja mmoja, ukija wa pili wa kwanza umeshaondoka, inabidi uukumbuke. Ukurasa unaonyesha muda kama eneo, muvi inauonyesha kama kitu kinachopita, na hilo huwezi kulitibu kwa bajeti wala kipaji. Hapo nipo na manga.

Ukishakuwa na kipande kimoja hivyo, kuna swali la pili linalolipa sana: kitu kinachowezekana kwenye karatasi tu, muvi imekitafutia mbadala gani? Mfano ninaoupenda kuliko yote uko A Silent Voice. Shoko, msichana wa hadithi hiyo, hasikii, na kuna chapta ya manga inayopita upande wake ambapo herufi za maneno ya watu zimefutwa futwa, unaona vipande vya maandishi unahangaika kuunganisha kama anavyohangaika yeye. Muvi haina herufi za kufuta. Kwa hiyo kazi ikaenda kwenye sauti, Kensuke Ushio aliyetunga muziki aliweka maiki ndani ya piano ili usikie na ile mitambo yake, mbao na nyundo, muziki unaokuja kama unausikia na mwili. Hazifanani hata kidogo na bado zinafanya kazi moja. Ukiwa na orodha ya vilivyokatwa ungeandika tu “chapta ile haipo” ukaenda kulala.

Nyingine ni In This Corner of the World. Suzu, binti anayependa kuchora, anapoteza mkono wa kulia kwenye vita, na kuanzia hapo Fumiyo Kouno akawa anachora mandhari ya nyuma ya manga kwa mkono wake wa kushoto. Dunia nzima inapinda kidogo na msomaji hata hajui kwa nini anajisikia vibaya. Muvi ya Sunao Katabuchi ya 2016 ule mlipuko uliomkata mkono inauonyesha kwa kuacha kabisa uchoraji wake wa kawaida, skrini nyeusi na mistari inayokwaruza. Na muvi hiyo ina somo lingine, dada mmoja anaitwa Rin alipunguzwa sana 2016, alafu 2019 likatoka toleo refu lililomrudisha. Tazama zote mbili uone mume wa Suzu anavyogeuka mtu mwingine kwa kurudishwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo ukitaka kuzungumzia aliyekatwa, usiseme hayupo, sema kuondoka kwake kumembadilisha nani aliyebaki.

Uliza pia stori ni ya nani. Slam Dunk, manga ya mpira wa kikapu, nzima ni ya Sakuragi, yule mwenye nywele nyekundu. Muvi yake, The First Slam Dunk ya 2022, ikaja na mechi ile ile ya mwisho dhidi ya timu ya Sannoh lakini katikati kakaa mchezaji mwenzake Ryota Miyagi, na maisha yake ya Okinawa na kaka aliyepotelea baharini, vitu ambavyo kwenye manga hujaviona. Na aliyefanya hivyo ni Takehiko Inoue, mwenye manga, miaka 26 baada ya kuimaliza. Matokeo ya mechi hayajabadilika hata pointi moja! Namna rahisi ya kulijua hili kwenye muvi yoyote ni kuandika nani anaonekana wa kwanza, nani wa mwisho, na kumbukumbu za zamani ni za nani. Kwenye muvi hiyo kumbukumbu ni za Ryota, na kwa sababu hiyo pasi ambayo kwenye manga ni pasi tu hapa inabeba familia. Zile sekunde za mwisho nazo zipime, kwenye manga maneno yanakauka kurasa baada ya kurasa, kwenye muvi sauti inakatwa, na ukimya wa ukumbini ukiwa na watu mia si sawa na ukimya wa wewe na kitabu kitandani, sijui hata niuelezee vipi.

Kuhusu kuandika sasa. Usiandike manga nusu ya kwanza na muvi nusu ya pili, msomaji atakuwa amesahau. Nenda kwa vipande, kila kipande kina pande zote mbili ndani yake. Kila unapoandika neno “wamekata” jilazimishe sentensi inayofuata iseme kwa hiyo nini kimetokea, ukikosa cha kusema futa zote mbili. Neno “uaminifu” mi nimelipiga marufuku kwenye daftari langu, kwa sababu muvi ya Akira imemgeuza Akira kutoka mtoto aliye hai kuwa vipande vya mwili ndani ya mitungi ya kioo chini ya uwanja, na aliyefanya hivyo ni Otomo, sasa hapo nani kakosa uaminifu kwa nani? Na uwe tayari kusema unapenda ipi, ila kwa kipande, kama nilivyofanya juu, mvua muvi, mgongo manga. Mtu akikuuliza kwa ujumla ipi kali mwambie achague kipande kwanza, alafu mkae na saa.